Kozi moja mpaka iishe, au nne kwa mpigo? Bloku na semista kwa anayechagua chuo Marekani

Binti wa dada yangu ana barua mbili za udahili, na anatakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei. Moja imetoka Cornell College, mji wa Mount Vernon, jimbo la Iowa, Marekani. Nyingine imetoka Grinnell College, jimbo hilohilo. Vyote ni vyuo vidogo vya binafsi, vimeanzishwa karne ya 19, na vimezungukwa na mashamba ya mahindi. Msaada wa fedha waliompa unakaribiana. Alinipigia simu usiku: "Shikamoo mjomba. Hawa wa Cornell wanasema nitasoma somo moja tu mpaka liishe, ndipo nianze lingine. Hiyo ni nzuri au ni mtego?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimesoma kwa semista, Dar es Salaam, na semista naijua nje ndani: testi, kukesha na madesa (noti za kupeana), UE yaani mtihani wa mwisho wa semista, kisha kungoja matokeo ukiomba usipate sapu, ule mtihani wa marudio. Mfumo wa kozi moja nilikuwa nausikia tu. Nimekaa nao wiki kadhaa kwa ajili yake, nami nayaweka hapa niliyoyapata, kwa sababu kila mwaka kuna vijana wetu wengine wanaoshika barua kama hizi bila mtu wa kumuuliza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Cornell College ya Iowa si Cornell University ya Ithaca, New York, ile maarufu. Hiki cha Iowa ndicho kikongwe: kilianza 1853, kile cha New York 1865. Ukiomba barua ya mapendekezo kwa mwalimu wako, mwandikie jina kamili.

Zinavyokwenda siku kwa siku

Grinnell ina semista ya wiki 14. Mzigo wa kawaida ni krediti 16, yaani kozi nne. Kila kozi inakutana mara mbili au tatu kwa wiki, kipindi cha saa moja hivi au saa moja na nusu, halafu unahamia nyingine. Zote nne zinakua pamoja na zinaiva pamoja. Ndiyo maana wiki ya saba na wiki ya mwisho zinatisha: insha ya historia na mtihani wa kemia haviulizani vikianguka siku moja.

Cornell imefuata kozi moja kwa wakati tangu 1978. Kozi moja ni siku 18 za masomo. Unaanza Jumatatu, unamaliza Jumatano ya wiki ya nne, unapumzika mpaka Jumatatu inayofuata, unaanza kozi mpya na profesa mpya. Wao wanaita kila kipindi "bloku", na bloku ziko nane kwa mwaka. Nane kwa miaka minne ni 32. Kozi nne kwa semista, semista nane, ni 32 pia. Kwa hiyo huendi kusoma kidogo wala kumaliza haraka. Kazi ni karibu ileile, imepangwa tofauti.

Waliotangulia ni Colorado College, mji wa Colorado Springs, mwaka 1970. Profesa wao wa sayansi ya siasa, Glenn Brooks, ndiye aliyeongoza kazi ya kuuunda mpango huo. Bloku yao ni wiki tatu na nusu, darasa la profesa mmoja halizidi wanafunzi 25, na jambo ambalo watu hulisahau ni hili: profesa naye anafundisha kozi moja tu kwa wakati huo. Hana darasa lingine linalomsubiri saa nane. Mkitaka kukaa mpaka jioni mnakaa. Mkitaka kwenda milimani siku nne mkaangalie miamba mnakwenda, kwa maana hakuna kozi nyingine mnayoikosa. Chuo hicho kina hata kampasi ndogo ya Baca, kule Crestone katika bonde la San Luis, ambako darasa zima linahamia kwa siku kadhaa.

Aliyekulia pwani na kusoma darsa msikitini hataona ajabu sana. Kuna sheikh, kuna kitabu, mnakaa nacho mpaka mkihitimu, kisha mnafungua kingine. Ila darsa haina haraka. Kitabu kidogo kinaweza kuchukua miezi, na sheikh haendi mbele mpaka aone kimeingia. Bloku imechukua ule umoja wa kitabu ikaufunga kwenye siku 18, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya matatizo yake imetokana na hizo siku, wala haitokani na umoja wenyewe.

Ukikwama, nini kinakutokea

Hili ndilo swali ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo nililomuuliza mpwa wangu kabla ya kumpa maoni yoyote. Chukua kozi ya kalkulasi. Siku ya tano hujaelewa limiti. Ufanyeje?

Kwenye semista unaweza kukaa na ujinga wako kwa wiki moja au mbili. Unakwenda kwenye kozi nyingine, unarudi, unasoma ukurasa uleule usiku wa Alhamisi, na siku moja ukiwa unafua nguo jambo linafunguka. Watu wengi hujifunza hivyo na hakuna aibu yoyote. Lakini nafasi hiyohiyo ndiyo inayowazamisha wengine. Unasema "nitaifuatilia wikiendi", wikiendi ni ya insha ya historia, na wiki ya kumi unagundua hujui chochote tangu wiki ya tatu. Nimewaona wenzangu waliokeri kozi mbili, yaani waliofeli wakalazimika kuzirudia mwaka uliofuata, si kwa sababu hawana akili. Hakuna aliyejua kwamba wamekwama. Kwenye ukumbi wa watu mia tatu nani angejua?

Kwenye bloku huna wiki mbili. Ukilala na swali leo, kesho somo limejengwa juu yake, na keshokutwa limejengwa juu ya hilo la kesho. Lakini profesa anakuona kila siku, labda kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, mkiwa watu kumi na tano au ishirini. Kufikia siku ya tatu anajua nani anaandika na nani anajifanya anaandika. Mchana wake ni wa darasa lenu peke yenu. Kwa mwanafunzi anayeinua mkono na kusema "sijaelewa, nirudie tafadhali", sijui mpango bora zaidi ya huu.

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu sisi. Wengi wetu tumefundishwa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza. Unatoka shule yenye wanafunzi sitini darasani, ambako swali lilikuwa linaonekana kama kumpima mwalimu, unaingia chumba ambamo profesa anataka umpinge. Kwenye semista una wiki 14 za kuizoea sauti yako mwenyewe. Kwenye bloku ya kwanza, ukizoea siku ya kumi, umebakiwa na nane. Bloku ya pili utaingia tayari umekomaa, ila alama za ile ya kwanza zimeshaandikwa.

Kuna lugha pia. Kiingereza cha kidato cha sita kinatosha kufaulu mtihani. Kusoma nusu ya kitabu cha falsafa kwa usiku mmoja na kuja kukijadili asubuhi ni kazi nyingine. Kurasa za bloku si nyingi kuliko za semista ukizijumlisha, lakini zinakuja mfululizo, na anayesoma polepole kwa kutafuta maneno kwenye kamusi atahisi mwezi wote ni usiku mmoja mrefu. Mpwa wangu anasoma polepole. Anaelewa vizuri sana, ila polepole. Nililiandika hilo kwenye daftari upande wa Grinnell.

Kusahau

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kujipima kumbukumbu yeye mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Tangu hapo jambo hilo limethibitishwa mara nyingi: kurudia kwa kuachanisha kunashinda kurudia kwa kurundika. Semista, hata ikiendeshwa vibaya, inaachanisha.

Watetezi wa bloku watajibu kwamba siku 18 si siku moja, na ni kweli. Unalala, unarudi, unajenga. Tatizo liko baada ya bloku kuisha. Ukisoma Kijerumani cha kwanza Septemba, na cha pili kikaja Februari, katikati kuna bloku kadhaa za mambo mengine kabisa. Vitenzi vinayeyuka. Colorado College wanalijua hili. Wana kozi ndogo za pembeni za lugha na muziki zinazokwenda sambamba na bloku ili ulimi na vidole visilale. Kama unaenda kusoma lugha, muziki au hisabati, uliza chuo cha bloku swali hili hasa: kati ya kozi ya kwanza na ya pili kuna bloku ngapi, na ninaweza kuzifuatanisha? Ukiweza kuchukua kalkulasi ya kwanza na ya pili moja kwa moja, utakuwa umeogelea kwenye hisabati wiki saba bila kitu kingine kukuvuta, na hilo linaweza kuwa jema kuliko semista.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni maabara na nje ya darasa, na hapo bloku haina mpinzani. Semista inakupa mchana mmoja kwa wiki wa maabara. Jaribio likiharibika, utarudi wiki ijayo. Kwenye bloku unarudi kesho asubuhi. Kwa jiolojia, ikolojia, akiolojia, kitu chochote kinachohitaji matope kwenye viatu, siku nzima ni ya kozi hiyo. University of Montana Western, chuo cha umma mjini Dillon, kilihamia mfumo huu mwaka 2005 na kikaifanya kazi ya nje kuwa uti wa mgongo wa masomo. Mpwa wangu anataka sayansi ya mazingira, alisoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia) kidato cha sita. Hili nililiandika upande wa Cornell, na nikalipigia mstari.

Ugonjwa, msiba, na ile Jumatano ya mwisho

Brosha za vyuo hazikai sana hapa, kwa hiyo nitakaa mimi.

Wiki 14 za siku tano ni siku 70. Zigawe kwa 18: siku moja ya bloku ni karibu siku nne za semista. Ukiugua siku tatu, umekosa kama zaidi ya wiki mbili za kozi. Mafua ya Januari ya Iowa hayachagui. Ukipigiwa simu kwamba bibi amefariki, ukakaa chumbani siku nne ukilia kwa sababu nauli ya kurudi haipo, zaidi ya moja ya tano ya kozi imeondoka. Profesa atakuhurumia, lakini kalenda haina pa kukuweka.

Ila pia hasara inaishia kwenye kozi moja. Semista ikiharibika inaharibika na kozi zote nne, na GPA, yaani wastani wa alama, ya mwaka mzima inabeba jeraha. Bloku ikiharibika umepoteza moja kati ya nane, na Jumatatu unaanza upya. Wapo wanaoamua kupumzika bloku nzima. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi ya Marekani, asilifanye hilo bila kwenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana viza inamtaka awe kwenye mzigo kamili wa masomo, na wao ndio watakaomwambia bloku gani inaruhusiwa na ipi haiwezekani.

Kuhusu kazi: F-1 inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo. Kwenye semista ratiba yako ya wiki inafanana kwa miezi, kwa hiyo zamu ya maktaba au jikoni inapangika kirahisi. Kwenye bloku kozi ya historia inaweza kukuachia mchana mtupu na ile ya baiolojia ikaula mchana wote. Uliza kama bosi wa kampasi huwa anabadilisha zamu kila mwezi. Kwenye vyuo vya bloku wamezoea.

Halafu hayo mapumziko ya siku nne kati ya bloku na bloku. Kwa wenyeji ni raha tupu: wanakwenda nyumbani, wanakwenda milimani, wanakwenda Chicago. Kwa kijana aliyetoka Singida kwa ufadhili, asiye na gari wala hela ya kugawana petroli, bweni linakuwa kimya kila mwisho wa bloku. Muulize mwanafunzi wa Kiafrika aliyepo pale jinsi anavyozipitisha siku hizo, na kama ukumbi wa chakula huwa wazi. Ni swali dogo lakini linajibu mengi kuhusu miaka yako minne.

Kalenda isipewe sifa ya wengine

Wanaosifia bloku husema madarasa ni madogo, maprofesa wako karibu, mijadala ni moto. Sawa, lakini Grinnell nako madarasa ni madogo na hawana bloku. Udogo wa darasa unatokana na fedha na uamuzi wa chuo. Ukilinganisha Colorado College na chuo kikuu cha jimbo chenye mihadhara ya watu mia nne, umelinganisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nafurahi kwamba barua za mpwa wangu zinatoka vyuo vya aina moja, jimbo moja.

Ugumu huohuo uko Australia. Victoria University ya Melbourne, chuo kikubwa cha umma chenye vijana wengi ambao ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, kilianza bloku za wiki nne kwa mwaka wa kwanza mnamo 2018, na kikatangaza kwamba ufaulu umepanda. Nalipenda jambo hilo, kwa sababu linaonyesha bloku si anasa ya vyuo tajiri tu. Lakini wakati huohuo walifuta mihadhara mikubwa wakaweka madarasa madogo. Kipi kimeleta ufaulu? Naamini ni vyote viwili, huku udogo ukiwa na fungu kubwa.

Na mfumo mzuri hauokoi chuo chenye deni. Quest University ya Squamish, Kanada, ilifunguliwa 2007 ikiwa ya bloku tangu siku ya kwanza, na wanafunzi wake waliipenda. Mwaka 2023 ilisimamisha masomo kwa ukosefu wa fedha, na vijana ikabidi watafute pa kumalizia. Kabla ya kuchagua kalenda, soma afya ya chuo.

Walio katikati wapo pia, kwa faida ya wale ambao barua zao si hizi mbili. Carleton ya Northfield, Minnesota, ina mihula mitatu ya wiki kumi, kozi tatu kwa muhula. Middlebury ya Vermont ina semista mbili za kawaida na Januari katikati yenye kozi moja tu, kwa hiyo unaionja bloku mara moja kwa mwaka bila kuifunga nayo ndoa.

Nilichomwambia

Nilimwambia aende Cornell, na sababu yangu ilikuwa moja kuliko zote. Binti huyu akiwa na mambo manne huyafanya yote nusu. Akiwa na moja hulimaliza mpaka mama yake anamwita mara tatu kula. Sayansi ya mazingira inataka siku nzima nje. Kusoma kwake polepole kunanitia hofu, na sikumficha. Nilimshauri bloku mbili za kwanza achague zenye maabara na namba, aiache ile ya vitabu vinene mpaka Kiingereza chake kipate mwendo.

Kaka yake ningempeleka Grinnell bila kufikiri mara mbili. Yule huelewa jambo wiki moja baada ya wenzake, lakini akishalielewa halimtoki, na anataka kusoma hisabati na Kifaransa.

Mpwa wangu hakunikubalia papo hapo, na alifanya vizuri. Alisema: "Mjomba, umeniambia mimi ni nani, lakini hujaniambia kozi yenyewe ikoje." Basi tumeandika barua pepe mbili. Moja imekwenda Cornell na moja Grinnell, tukiomba silabasi ya kozi ya kwanza ya sayansi ya mazingira kama ilivyofundishwa mwaka uliopita. Zikifika atazilaza kando kwa kando, ahesabu kurasa za kusoma kwa kila usiku, aangalie mtihani wa kwanza unakuja siku ya ngapi, kisha achukue sura moja aisome kwa saa yake mwenyewe, taa ikiwa imewashwa na simu ikiwa chumba kingine, aone inamchukua muda gani.